Wanawake na Wanaume Miongoni mwa Wafuasi wa Kwanza wa Yesu: Tatizo la Mafundisho kuhusu Maria Magdalene

Wafuasi wa kwanza wa Yesu ni wale walioandamana naye Galilaya na Yudea, pamoja na jumuiya zilizochipuka baadaye katika miji ya Dola ya Rumi. Hilo walimu wa dini wanalifahamu, na mitume kumi na wawili hutajwa hata na watoto wa darasa la awali.

Wanawake ndio wanaosahaulika. Injili ya Luka, sura ya 8, inawataja Maria Magdalene, Yoana mke wa Kuza, aliyekuwa msimamizi wa Herode, Susana na wengine wengi waliowahudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao. Huko Filipi, Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, aliwakaribisha Paulo na wenzake nyumbani kwake. Priska na mumewe Akila, mafundi wa mahema, walimfundisha Apolo, mhubiri aliyekuwa tayari na elimu yake. Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho, anapewa utambulisho wa heshima katika Waraka kwa Warumi. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba amewatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa na cheo cha uhudumu katika jumuiya yao. Basi hata adui aliona kuwa wanawake walishika nafasi za kuaminiwa.

Tatizo kubwa ni Maria Magdalene. Mwaka baada ya mwaka, katika mahubiri, michezo ya Pasaka na picha za ukutani, anaonyeshwa kama kahaba aliyetubu. Hakuna Injili inayosema hivyo. Luka 7 inasimulia habari za mwanamke mwenye dhambi, asiyetajwa jina, aliyempaka Yesu mafuta miguuni nyumbani kwa Farisayo. Sura inayofuata ndiyo inayomtaja Magdalene kwa mara ya kwanza katika Injili hiyo, tena kama mtu aliyetolewa pepo saba. Hakuna neno linalomuunganisha na mwanamke yule. Yohana 12 inamtaja mwingine tena, Maria wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro. Magdalene anahusishwa na mji wa Magdala, kando ya Ziwa la Galilaya, mbali na Bethania iliyo jirani na Yerusalemu.

Aliyewaunganisha watatu hawa kwa uzito mkubwa ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, alipowafasiri pepo saba kuwa maovu yote. Makanisa ya Mashariki hayakufuata njia hiyo. Kanisa Katoliki lilirekebisha kalenda yake mwaka 1969, likimtenganisha Magdalene na wale wawili wengine, na mwaka 2016 kumbukumbu ya Magdalene ikapandishwa kuwa sikukuu. Inasikitisha kwamba masahihisho hayo hayajafika katika madarasa mengi. Hasara yake ni kubwa: Injili zote nne zinamtaja akiwa kwenye kaburi la Yesu, na Yohana inasema ndiye aliyetumwa kuwapasha wanafunzi habari za ufufuko, lakini msichana darasani hubaki na kumbukumbu ya dhambi ambayo mwanamke huyo hakuandikiwa.

Mada hii haigusi suala la upadrisho wala uongozi wa sasa, ambalo kila kanisa lina taratibu zake. Inahusu usahihi wa mafundisho tu.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba vitabu vya katekisimu na vya shule ya Jumapili vipitiwe upya na kila sentensi inayomwita Magdalene kahaba iondolewe. Walimu wasome Luka 7 na Luka 8 kwa pamoja, mbele ya wanafunzi, ili tofauti ionekane. Michezo ya Pasaka impe nafasi yake ya mjumbe wa ufufuko. Orodha ya Luka 8 ifundishwe pamoja na majina ya mitume kumi na wawili, na Priska asitajwe kama kivuli cha Akila. Fibi na Lidia waingizwe katika masomo ya safari za Paulo. Wahubiri wapewe mwongozo mfupi kabla ya Kwaresima, wakati kosa hili hurudiwa zaidi, na picha mpya zinazochorwa kwa ajili ya madarasa zikaguliwe kabla ya kuchapishwa. Vitabu vilivyokwisha kuchapwa viambatishwe karatasi ya masahihisho, bila kungoja toleo jipya.