Redio Ndogo ya Nyumbani na Manufaa Yake kwa Watu wa Meru na Embu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka kwa niaba ya Kamati



Hesabu ya fedha mmekwisha kuisikia, na majina ya wenzetu waliotutoka mwaka huu mmekwisha kusomewa. Limebaki jambo moja ambalo Kamati imetuagiza tulieleze, maana limeletwa kwa barua na wanachama wa Meru na wa Embu pia. Nalo ni hili: je, yafaa chama chetu kisaidie kituo kidogo cha redio kule nyumbani, na kama yafaa, kiwe kituo cha namna gani? Baadhi ya wenzetu wamependekeza fedha itolewe katika mfuko wa mazishi. Wengine wamelipinga shauri hilo kwa maneno makali. Kwa kuwa mfuko huo ndio tegemeo la wajane na mayatima, hatukuona vema kujibu kwa haraka.

Kwanza tukumbuke redio ilivyotufikia. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka wa 1928, nao ulikuwa kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao Ulaya. Matangazo kwa Waafrika yalianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili jamaa za askari wapate habari za vita. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, serikali ilizidisha matangazo kwa lugha zetu, si kwa kutupenda, bali kwa kutaka tusikie upande wake. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1964, redio ikawa Sauti ya Kenya, na mwaka wa 1989 ikarudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa miaka hiyo yote habari zilitoka mjini zikaja mashambani. Mtu wa Runyenjes au wa Maua aliambiwa, hakuulizwa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka wa 2000, Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu. Baadaye watu wetu nao wakapata vituo vya lugha zao, kama Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, na Shirika la Utangazaji nalo likaleta Mwago FM. Hivyo ni vituo vya kampuni na vya serikali, navyo vina kazi yake. Lakini barua zenu zinauliza habari ya kituo cha namna nyingine, kile ambacho wenyeji ndio wenye nacho. Namna hiyo nayo si ngeni kwetu. Kule Tigania Magharibi kuna kituo kiitwacho Mugambo Jwetu, yaani Sauti Yetu. Ukambani, katika Makueni, vikundi vya wanawake viliungana wakaanzisha Redio Mang'elete, ikaanza kusikika mwaka wa 2004.

Sasa tutaje mambo ambayo kwayo kituo kidogo hujulikana kuwa chema.

La kwanza ni lugha. Twajiita Wameru sote, lakini mtu wa Igembe, wa Imenti, wa Chuka na wa Tharaka kila mmoja ana matamshi yake, na mara nyingine neno moja lina maana mbili. Vivyo hivyo Mwembu na Mmbeere. Mtangazaji akisema kwa matamshi ya mahali pamoja tu, na kuyacheka ya wengine, wasikilizaji wake watapungua mmoja mmoja. Kituo chema huwaweka watangazaji wa pande zote, na penye soko ambapo Wakamba, Wakikuyu, Waborana na Wasomali huja kuuza na kununua, hutumia Kiswahili kwa habari zinazowahusu wote. Tena milima yetu haina upendeleo. Mawimbi ya FM hayapindi kilima, huenda moja kwa moja. Mtambo ukiwekwa upande mmoja wa Nyambene, wa upande wa pili huenda wasisikie kitu. Kwa hiyo kabla ya kudai kwamba kituo ni cha wote, yafaa watu wapite na redio zao bonde kwa bonde, wajue ni nani anayekisikia na ni nani asiyekisikia.

La pili ni habari zenye kumfaa mkulima. Mkulima wa kahawa ataka kujua kiwanda chake kimelipa kiasi gani kwa kilo na kiwanda cha jirani kimelipa kiasi gani. Mwenye miti ya makadamia ataka kujua msimu umefunguliwa au umefungwa, asije akadanganywa na mnunuzi wa njiani auze karanga changa kwa bei ya kutupa. Mwenye miraa anajua zaidi ya wote jinsi habari ilivyo mali. Uholanzi ilifunga soko mwaka wa 2013, Uingereza ikafuata mwaka wa 2014, na Somalia ilizuia ndege za miraa tangu Machi 2020 hadi Julai 2022. Mwezi wa Mei 2024, serikali ya kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, watu wa Mbeere walilala usiku mmoja wakiwa na soko wakaamka hawana, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha amri hiyo kwa muda. Siku kama hizo uvumi hukimbia kuliko gari. Anayeamini uvumi huuza kwa hasara, au huchuma mzigo usio na mnunuzi. Kituo kidogo chenye mtu wa kupiga simu, kuuliza, na kuuliza tena mahali pa pili kabla ya kutangaza, huokoa fedha nyingi kuliko gharama yake.

Kadhalika mvua. Kule Mbeere na Tharaka, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tegemeo. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri ikisema mvua yaelekea kuwa chini ya kawaida au juu ya kawaida. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mama mwenye shamba la ekari mbili ataka kujua apande mahindi au apande mtama, uwele, kunde na ndengu. Basi kituo chema humwita ofisa wa kilimo na mkulima mzee mwenye kuijua nchi, wakae pamoja, waulizane mbele ya wasikilizaji. Idara hiyo yenyewe iliona faida ya redio ndogo, ikasaidia kuanzisha kituo kule Kangema katika Murang'a, nchi ya maporomoko ya udongo, ambako onyo la mvua likichelewa watu huzikwa nyumbani mwao.

La tatu latuhusu sisi hasa, nalo ni matangazo ya vifo. Chama hiki kilianzishwa ili asiwepo mtu wetu wa kufa ugenini akazikwa bila watu wake. Mwajua jinsi ilivyokuwa desturi nchini mwote kunyamaza saa ya matangazo ya vifo ilipofika, sahani zikawekwa chini, watoto wakanyamazishwa. Simu za mkononi zimekuja, lakini si kila bibi kijijini ana simu, na ujumbe wa simu huwafikia wale tu ambao namba zao zinajulikana. Tangazo la redio humfikia hata yule ambaye wafiwa walimsahau. Twaona kwamba kituo cha wenyeji chapaswa kuwa na saa maalumu isiyobadilika kwa kazi hii, kusoma majina ya ukoo na ya mahali sawasawa, na kuweka bei ambayo maskini ataiweza, na asiyeweza kabisa asomewe bure. Kituo kinachomnyima fukara tangazo la kifo, huku kikimsifu tajiri kutwa nzima, kitajiitaje cha jamii?

La nne ni kusikiliza. Hapa twaomba radhi ya wazee, maana tutagusa jambo la zamani. Mwaka wa 1956 baraza la Njuri Ncheke, likikubaliana na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Amri ilitangazwa kila mahali. Lakini wasichana wenyewe hawakuulizwa, wala mama zao. Wengi waliikaidi, wakaenda porini wakakatana wenyewe kwa wenyewe, hata wakapata jina la Ngaitana. Watu zaidi ya 2,000 walishtakiwa katika miaka mitatu iliyofuata. Leo sheria ya nchi ya mwaka wa 2011 imekataza jambo hilo, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa limewaumiza binti zetu. Tumelitaja ili tupate funzo: kutangaza si sawa na kushauriana. Njuri yenyewe katika kuamua kesi huwapa nafasi mshtaki na mshtakiwa, kila mmoja akasema hadi amalize. Redio ifanye hivyo. Mzee aseme, msichana aseme, kijana asiye na kazi aseme, na ofisa aliyeulizwa kwa nini dawa hakuna hospitalini ajibu. Debe tupu haliachi kuvuma. Kituo kisichosikiliza mtu kitavuma sana, lakini ndani hamna kitu.

La tano ni amani. Tuna migogoro ya mipaka kati ya Tharaka na Tigania, na upande wa Isiolo kuna wizi wa mifugo. Tume iliyochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 ilitaja katika ripoti yake ya 2008 kwamba baadhi ya matangazo kwa lugha za makabila yalichochea chuki. Rwanda mwaka wa 1994 ilikuwa mbaya zaidi, maana redio iliwaelekeza wauaji. Hatari hiyo haiondoki kwa sababu kituo ni kidogo. Pengine yazidi, kwa kuwa mtangazaji ni mtoto wa ukoo fulani na wote wamjua. Kwa hiyo yapasa kuwe na kanuni iliyoandikwa: habari ya ng'ombe walioibwa isitangazwe pamoja na jina la kabila la wezi, simu ya mwenye hasira isipelekwe hewani bila kusikilizwa kwanza, na aliyetajwa kwa ubaya apewe nafasi ya kujibu siku hiyo hiyo.

La sita, na ndilo zito, ni mwenye mali. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kituo kikinunuliwa mtambo na mwanasiasa, siku ya uchaguzi kitambusu. Kikitegemea wafadhili wa ng'ambo peke yao, msaada ukikoma mtambo hunyamaza. Kikitegemea hisani ya serikali bila sheria, hufungwa. Homa Bay ilipata redio ndogo ya jamii mwaka wa 1982 kwa msaada wa UNESCO, miongoni mwa za kwanza Afrika, na mwaka wa 1984 serikali ikaifunga. Leo sheria ni bora. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka wa 2009 yanautambua utangazaji wa jamii kama namna ya pekee, usiotafuta faida, nao wenyeji wapewe nafasi katika uongozi na katika kuchagua vipindi. Lakini sheria hailipi umeme. Kuna ada ya leseni na ya mawimbi, kuna mafundi, na kuna vijana wanaojitolea ambao wakiisha kufundishwa huchukuliwa na vituo vyenye mshahara. Hatuwalaumu, mkono mtupu haulambwi.

Wanachama wenzetu, baada ya kuyapima hayo, Kamati yaleta mashauri manne mbele yenu.

Kwanza, mfuko wa mazishi usiguswe hata senti moja. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya maiti na wajane haina ruhusa ya kufanya kazi nyingine. Anayetaka kusaidia redio achange katika daftari la pembeni, kwa hiari yake, maana haba na haba hujaza kibaba.

Pili, chama kisianzishe kituo kipya. Kazi hiyo ni ya wenyeji wanaokaa huko kila siku, nasi tulio mbali hatuwezi kuisimamia. Tuwasaidie wale ambao wamekwisha kuanza.

Tatu, msaada wetu uwe na masharti: viongozi wa kituo wachaguliwe na wasikilizaji mkutanoni, wanawake na vijana wakiwamo, mtu anayegombea kiti cha siasa asiwe kiongozi wake, na hesabu za kituo zisomwe hadharani kila mwaka, na kisha zisomwe hewani.

Nne, tuanze kwa malipo ya kazi na si kwa zawadi. Chama kilipie matangazo ya vifo vya wanachama wetu kwa mwaka mmoja, na matawi yetu ya Meru na Embu yaandike kama yalisomwa saa iliyoahidiwa na kama majina yalitajwa sawasawa. Mwakani mtaletewa daftari hilo, nanyi mtaamua kuongeza au kukoma.

Twajua kwamba wenzetu walioomba fedha nyingi kwa mara moja hawataridhika. Twawaomba wavumilie. Watu wa nyumbani wamesemewa na wengine tangu 1928, na kituo kitakachowapa nafasi ya kujisemea kinastahili kujengwa polepole, juu ya hesabu safi, kisije kikaanguka.

Bwana Mwenyekiti, mashauri hayo sasa yako mikononi mwa mkutano.