Mwite kwa Alichofanya, Si kwa Alikotoka

(Mada niliyoitoa kwa vijana wa chama hapa Kasanga, wilayani Kalambo. Nimeiandika kama nilivyoisema.)

 

Leo naomba tuongelee majina tunayowapa watu kwenye siasa. Fulani Mzambia. Fulani msaliti. Yule kibaraka, huyu mhaini. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini mimi nasoma sheria na nawaambia, mtu huanza kuporwa haki yake siku anapobandikwa jina.

Tuanzie nyumbani. Hapa mtu akitaka tu kuchukua fomu ya uenyekiti wa kijiji, utasikia: "Huyo si wa hapa, Mzambia huyo." Jamani! Walungu wako Kasanga, wako na Mpulungu. Wamambwe vivyo hivyo. Waliotutenganisha si bibi zetu, ni Mjerumani na Mwingereza waliosaini mkataba mwaka 1890, na Mto Kalambo ukawa mpaka. Nani hapa hana shangazi ng'ambo? Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa kwenye dirisha la ofisi moja, "Binti, una uhakika wewe ni wa kwetu?" Kisa jina la babu yangu. Swali kama hilo unalijibu kwa vyeti, lakini unarudi nalo nyumbani.

Sasa tutoke Kasanga, maana wakubwa nao yamewakuta. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia. Huyu alishakuwa mkuu wa wilaya, alishakuwa mbunge, na magazeti aliyoshiriki kuyaanzisha yalikuwa yanaikosoa serikali. Alitangazwa pamoja na wengine watatu, akiwemo Timothy Bandora, balozi wetu Nigeria, na Maudline Castico, mwenezi wa CCM Zanzibar. Yaani hata ukiwa ndani ya chama tawala hauko salama. Na angalieni kilichofuata: mwaka 2016 mama huyohuyo aliteuliwa kuwa waziri Zanzibar. Kama alikuwa hatari kwa taifa, hatari ilienda wapi?

Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alidai Katiba mpya, akahojiwa uraia wake. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi, mtoto wa Kigoma. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alikamatwa, polisi wakasema wanachunguza uraia. Alipofikishwa mahakamani, mashtaka yalikuwa ya uhujumu uchumi. Uraia umeyeyukia wapi? Mnaona wenyewe: wengi wao ni watu wa mikoa ya mpakani, kama sisi, na baadhi yao walikuwa wamefungua midomo.

Katiba yetu, Ibara ya 13(5), inaeleza maana ya kubagua. Inataja kabila, pahala mtu alipotokea, dini, rangi, jinsia, hata maoni yake ya kisiasa. Halafu 13(6)(b) inasema mtu aliyeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Ndiyo maana tunasema Tundu Lissu, aliyefikishwa mahakamani Aprili 2025, ni mshtakiwa wa uhaini. Anayemwita "mhaini" amejipa ujaji.

Hapo mmepiga makofi. Sasa subirini, maana tunaofuata ni sisi.

Tunalalamika, na ni haki yetu, tukiitwa chama cha Wachaga. CUF nao waliitwa chama cha Wapemba. Lakini kwenye magrupu yetu ya WhatsApp nasoma nini? Mtu akipinga hoja, anaulizwa kabila lake. Akihama chama, msaliti. Akiwa mwanamke, sitayataja hapa mbele ya wazee.

Chukueni suala la Halima Mdee na wenzake 18. Vijana wetu waliwabatiza "Covid-19". Tukacheka, si ndiyo? Sasa linganisheni na maelezo haya: wabunge wa viti maalum walioapishwa Novemba 2020, chama kikasema hakikuwateua, Kamati Kuu ikawafukuza uanachama siku chache baadaye, wao wakaenda Mahakama Kuu kupinga, na bungeni wakabaki. Hakuna tusi hata moja hapo, ila msikilizaji anapata swali zito: mtu anabakije mbunge wakati chama kilichompa kiti kinasema hakimtambui? Hilo jina la ugonjwa linamchekesha anayejua tayari. Asiyejua anaondoka mtupu, na hasira yako inabaki yako peke yako.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mtaje mtu kwa cheo chake, alichofanya na alichosema, pamoja na tarehe. Kama mbunge alipigia kura ya ndiyo sheria mbaya, andika hivyo hivyo.

Pili, asili, dini au kabila la mtu litaje pale tu linapogusa hoja. Mwaka 1961, bungeni, walikuwepo waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika weusi tu. Nyerere alikataa katakata. Ukisimulia habari hiyo, lazima utaje rangi. Ukijadili bei ya mahindi Sumbawanga, kabila la mkuu wa mkoa la nini?

Tatu, tuhuma itaje mwenye tuhuma. Usiandike "si raia." Andika nani amesema si raia, lini, kwa ushahidi gani, na mwenyewe amejibu nini.

Kuna kamanda ataniambia, "Dada, wenzetu wanatutukana, sisi tukae na adabu zetu?" Nasema hivi: ukali sijaukataa. Hakuna kauli kali kuliko ukweli wenye tarehe. Halafu fikiria kesho yake. Sisi watu wa mpakani tukizoea kuuliza "huyu ni wa wapi?", siku swali hilo likigeuziwa kwetu tutasimama wapi?

Uchaguzi wa vijiji ukija, kuna mtu humu atachukua fomu na ataitwa Mzambia. Naomba siku hiyo, hata kama ni wa chama kingine, mmoja wetu asimame aseme: tujadili maji, bandari na migebuka yetu, siyo babu yake.

Nakaribisha maswali, tuanze na dada pale mlangoni.