Saa ya Marehemu



Tulipata kuitwa kwenye msiba mmoja karibu na mlango wa mto Ruvuma, kupatanisha watu wawili. Marehemu aliacha saa ya mkono ya kutia ufunguo, aliyoinunua kwa ujira wa mashamba ya mkonge ya Lindi, na kisu cha kukunja. Kwa desturi ya Kimakonde, ifuatayo ukoo wa mama, mpwa humrithi mjomba. Mtoto naye, aliyemwuguza baba yake, aliidai saa. Na saa yenyewe ilikwisha kusimama zamani! Kisu hakuna aliyekitaja, nacho ndicho marehemu alichowamenyea maembe watoto wote, wake na wa dada yake.

Katika Luka, sura ya 12, mtu alimwomba Yesu amwamuru nduguye agawane naye urithi. Bwana alikataa kuwa mgawanyaji, akaonya juu ya choyo. Sisi tulinyamaza kwa sababu nyingine: moyoni tulikwisha kumpendelea mtoto.

Ndipo mjane akaleta embe na kile kisu, akaviweka mkekani kati yao. Mpwa akamenya, wakala wote wawili. Shauri la saa halikuisha siku ile. Ingali sandukuni mwa mjane.