Unapokwenda kwa Tabibu wa Tiba Asili kwa Mara ya Kwanza

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanajumuiya baada ya sala ya Alasiri)




Tumetakiwa leo tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya, lakini wachache hulisema waziwazi, nalo ni kwenda kutibiwa kwa tabibu wa tiba asili. Wako wanaokwenda hospitalini asubuhi na jioni wakaenda kwa tabibu wa miti shamba, na kati ya matabibu hao wawili hakuna anayejua habari za mwenzake. Hapo ndipo penye hatari.

Kwanza ieleweke kwamba kutafuta dawa si upungufu wa imani. Mabedui walipomwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. iwapo wajitibu, aliwaruhusu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi bila kuyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Sayyidna Saad r.a. alipougua, Mtume s.a.w. alimtembelea, akaweka mkono juu ya kifua chake, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, aliyekuwa mjuzi wa tiba. Mkono wenye baraka ulikuwa kifuani pake, na bado alitumwa kwa mwenye elimu! Katika kitabu hichohicho imo pia hadithi kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, dhamana ya madhara ni juu yake.

Basi swali la kwanza la mgonjwa mgeni ni hili: huyu anajulikana na nani? Hapa Tanzania iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na chini yake liko Baraza linalosajili waganga. Kumwomba tabibu akuonyeshe cheti chake cha usajili si utovu wa adabu. Aliye mkweli hatakasirika.

Swali la pili mtalijibu wenyewe kwa kumsikiliza. Tabibu wa kweli atakuuliza maradhi yalianza lini, unakula nini, usingizi ukoje, choo kikoje, na wazazi wako waliugua nini. Lakini akianza kwa kukuuliza jina la mama yako ili apige hesabu ya nyota, au akikwambia kuwa jirani yako ndiye aliyekuroga, basi huyo si tabibu tena. Hiyo ni ramli, na ubaya wake sote tunaujua. Chukueni viatu vyenu mwondoke.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa. Siku ya kwanza nenda na dawa zako zote, pamoja na kadi ya kliniki na majibu ya vipimo. Usifiche chochote, hata kama ni dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Watu husema, "Hizi ni majani tu, hazina madhara." Kama majani yana nguvu ya kuponya, yana nguvu ya kudhuru pia. Uwatu hushusha sukari katika damu. Anayemeza vidonge vya kisukari au kujidunga insulini akaongeza na uwatu mwingi, sukari yaweza kushuka mno hata akazimia. Kitunguu saumu kwa wingi huzidisha hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande. Mama mjamzito naye aseme mapema kwamba ni mjamzito, kwani shubiri na dawa nyingine za kuharisha si zake.

Na asiache dawa ya hospitali mtu yeyote kwa neno la tabibu wa asili. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na Waislamu nao walikuwamo katika foleni zile. Wako waliorudi wakatupa dawa za UKIMWI na za kisukari wakiamini wamekwisha pona. Kilichofuata kwa waliozitupa kilikuwa msiba.

Hatusemi haya kwa kuidharau miti. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria asili yake ni mmea wa Kichina uitwao artemisia, na mwanasayansi Tu Youyou, aliyeitoa dawa ndani ya mmea huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huohuo, maana kiasi cha dawa katika chai hakijulikani. Kwa hiyo ulizeni kipimo. Tabibu akisema "kikombe kimoja", ni kikombe kipi, cha kahawa au cha chai? Kwa siku ngapi? Ndani ya chupa mna nini?

Wako wanaotangaza dawa moja kwa maradhi yote, na hoja yao ni hadithi ya habasoda. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi tunaipokea. Ila wanazuoni wa kale, kama Al-Khattabi, walieleza kwamba tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni maradhi ya namna maalumu. Mwenye kuitumia kuuzia chupa ya shilingi elfu hamsini hatendi haki kwa hadithi wala kwa mgonjwa.

Tena, daktari wa hospitali lazima naye ajue. Wengi huogopa kufokewa. Andikeni katika karatasi jina la kila dawa ya asili mnayotumia na siku mlipoanza, mkampe. Akifoka, mvumilieni, lakini karatasi mwachieni.