Kiongozi wa Kweli Hubeba Lawama

(Mazungumzo mbele ya viongozi wa mashina na matawi)

Mtu akiulizwa ni sifa zipi zinazomfanya kiongozi awe kiongozi wa kweli, mara nyingi hutaja ufasaha wa kusema, elimu, au ukali katika kusimamia kazi. Sifa hizo zina manufaa yake. Lakini msemaji hodari aweza kuwa mwongo, msomi aweza kuwa mwoga, na mkali aweza kuwa mwonevu. Iko sifa moja isiyoigizwa kwa urahisi, kwa sababu ina gharama. Nayo ni kukubali lawama kwa yale yanayotendwa chini ya dhamana ya kiongozi, hata kama si mkono wake uliotenda.

Historia ya Tanzania inao mfano ulio wazi. Katikati ya miaka ya 1970, katika Mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulitokea mauaji ya watu, wakiwamo wazee, waliodhaniwa kuwa ni wachawi. Hapana Serikali iwezayo kulinyamazia jambo kama hilo. Polisi na maofisa wa usalama wakapewa kazi ya kuwasaka wauaji. Nia ya kazi ile ilikuwa njema, lakini namna ilivyotendwa ilikuwa ovu. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa watu wale wale waliowekwa kuyalinda maisha ya raia.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa yeye aliyeshika fimbo, wala hakuwamo katika vyumba vile vya mateso. Angeweza kuwatupia lawama maofisa wa chini, akabaki katika kiti chake. Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na ni wepesi zaidi pale mtu anapowatwisha wadogo mzigo ulio wake. Hakufanya hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1977, wakati TANU na ASP zikikaribia kuungana na kuzaa Chama Cha Mapinduzi, alijiuzulu. Waziri mwingine na Wakuu wa Mikoa ile miwili nao waliacha nyadhifa zao.

Wako watakaouliza: je, ni haki mtu kubeba kosa asilolitenda? Jibu ni kwamba Waziri hapewi heshima kwa kazi ya mikono yake tu. Polisi wakimkamata jambazi, sifa humfikia yeye. Basi anayepokea sifa za kazi ya wenzake hana budi kupokea na aibu yake. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba cheo ni dhamana.

Wengine watasema kwamba kujiuzulu hakuwarudishi waliokufa. Hilo ni kweli, na halifai kusahauliwa. Watu wale walikwisha kuzikwa, na hapana barua iwezayo kuwafariji yatima wao. Lakini kama wakubwa wote wangebaki vitini kana kwamba hapakuwa na lililotokea, raia wangejifunza kwamba damu ya mnyonge haina thamani mbele ya Serikali yake. Na askari wangejifunza kwamba kutesa kunaruhusiwa.

Hii haina maana kwamba kila kosa lidai kujiuzulu. Yako makosa ya kusahihisha, na yako ya kuomba radhi. Katibu wa chama cha ushirika ambaye karani wake amewapunja wakulima katika mizani hatakiwi kukimbilia kusema, "Si mimi, ni karani." Hana budi kusimama mbele ya wakulima, kueleza ukweli, kuhakikisha wamelipwa haki yao, na kuwa tayari kuhukumiwa nao. Anayeficha kosa la ofisi yake ili alinde jina lake hulipoteza jina hilo siku ukweli unapojulikana.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya kujiuzulu, Ndugu Mwinyi alitumikia taifa akiwa Balozi nchini Misri. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na tarehe 5 Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, akimpokea Mwalimu Nyerere. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, miaka 47 ilikuwa imepita tangu ajiuzulu, na tendo lile lilikuwa bado linakumbukwa.

Ndugu Viongozi, ujasiri, unyenyekevu na ukweli ni maneno mepesi kutamka katika mkutano. Kipimo chake huja siku moja tu, siku ambayo wananchi wameumizwa na wanauliza ni nani anayehusika. Siku hiyo kiongozi wa kweli hatazami nyuma kumtafuta mwingine wa kumnyooshea kidole. Husimama mwenyewe.