Kitambaa Kina Mchoraji Wake

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho, kama si mwilini basi sandukuni: kitambaa chenye mchoro. Tunakivaa, tunakitandika, tunambebea mtoto, na siku ya msiba tunamfunikia marehemu. Bei yake tunaijua, na duka tulikonunua tunalikumbuka. Lakini mwulize mtu, "Nani aliyelichora ua hili?" Atakutazama kana kwamba umemwuliza nani aliyechora mawingu. Mimi nasema mchoro una mwenyewe, na kwamba kutomjua mwenyewe huyo ni hasara kwake na kwetu sisi wanunuzi.

Naishi Mafiga, mjini Morogoro. Wasikilizaji wanajua kwamba mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, na wahenga walikwisha sema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Mtaani kwetu yuko mama mmoja ambaye sufuria yake kubwa haipiki ugali. Inayeyusha nta. Kazi yake ni batiki. Jina lake silitaji redioni, kwa kuwa sikumwomba ruhusa, na pia kwa kuwa habari yake ni habari ya mafundi wengi wa namna yake, hapa Morogoro na kwingineko nchini.

Watu wengi hudhani batiki ni kuchovya kitambaa katika rangi na kukianika. Laiti ingekuwa hivyo! Mama huyu huamka kabla ya jua, maana jua ndilo saa yake. Kwanza huchukua kitambaa cheupe cha pamba, akakifua kutoa wanga wa kiwandani, kwani wanga ukibaki rangi haishiki. Kisha huinjika nta: parafini, yaani nta ya mishumaa, na nta ya nyuki kidogo ndani yake. Parafini peke yake hupasuka hovyo. Nta ya nyuki huilainisha. Moto ukizidi nta hufuka moshi na yaweza kuwaka. Ukipungua nta hukaa juu ya kitambaa bila kuingia ndani. Hapo hana kipimajoto. Ana macho na pua.

Nta ikiwa tayari, ndipo huchora, kwa brashi au kwa muhuri alioukata mwenyewe kutoka kipande cha godoro la sponji. Na hapa ndipo penye akili ya kazi hii. Penye nta, rangi haiingii. Kwa hiyo fundi wa batiki hachori rangi. Huchora mahali ambapo rangi haitafika. Akitaka ndege mweupe na majani ya manjano juu ya uwanja wa kahawia iliyoiva, lazima amfunike kwanza ndege kwa nta, atie manjano, akaushe, ayafunike majani, atie rangi inayofuata, akaushe tena, na kadhalika mpaka afike kwenye rangi nzito ya mwisho. Huanza na rangi nyepesi, huishia na nzito. Huwezi kurudi nyuma. Aliyekosea hana kifutio. Maana yake ni kwamba picha nzima iko kichwani mwake tangu asubuhi, hali sisi watazamaji tunaona matone ya nta tu.

Rangi nazo zina mambo yake. Zile za kudumu huyeyushwa kwa dawa mbili, kostiki na haidrosulfaiti. Ya kwanza huunguza ngozi, ya pili harufu yake huwasha pua. Kitambaa hutoka ndani ya beseni kikiwa na rangi ambayo siyo, na kikipigwa na hewa ndipo hugeuka taratibu kikawa na rangi yake ya kweli. Maji ya rangi hayatakiwi kuwa ya moto, nta isije ikayeyuka. Mwisho kabisa kitambaa huchemshwa, nta huelea juu ya maji, naye huikusanya aitumie tena. Yale mishipa membamba unayoyaona kwenye batiki, kama nyufa za udongo wakati wa kiangazi, ni alama za mahali nta ilipovunjika. Hakuna vipande viwili vinavyovunjika sawasawa.

Sasa ongezeni hali ya hewa ya kwetu. Masika yanapoingia, mawingu hushuka kutoka milima ya Uluguru na kukaa juu ya mji. Kazi ya siku mbili huwa ya siku nne au tano. Kamba imejaa, mvua inanyesha, na ada ya shule haingoji jua litoke.

Baada ya hayo yote kipande hufika sokoni. Mteja anakishika, anakinusa, anauliza, "Mama, hiki bei gani?" Anatajiwa. "Mama yangu, mbona ghali? Kule vitenge ni nusu ya hiyo!" Mama hujibu kwa upole, "Mwanangu, kile kimepigwa na mashine. Hiki nimekipiga mimi." Mteja hucheka, hutoa nusu ya bei, na mara nyingi huondoka na kitambaa, kwa sababu jioni imefika na nyumbani hakuna unga.

Simlaumu mteja kwa kutafuta nafuu. Sote mifuko yetu ni ile ile. Ninachosema ni kwamba mteja amepima pamba, hakupima fikra. Na desturi hii hatukuianza jana.

Tukumbuke historia. Katika karne ya 19 meli za Marekani zilileta Unguja kitambaa kigumu kilichofumwa huko kwao, na mpaka leo tunakiita marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, kati ya 1861 na 1865, vilipoivuruga biashara hiyo, Waingereza na Wahindi wakajaza pengo. Baadaye zikaja kanga, na kwa miaka mingi zilichapwa Ulaya, India na Japani kwa ajili ya wanawake wa pwani yetu. Mchapaji alikuwa mbali, mvaaji yuko hapa, na katikati amesimama mwenye duka. Kanga mashuhuri kuliko zote huandikwa "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Mombasa lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887. Ni alama ya heshima, na imelindwa vizuri na wenyewe. Lakini tazameni kanga yoyote kabatini. Ina pindo, ina mji, ina jina, yaani ule usemi wake. Ina alama ya kiwanda au ya mwenye duka. Jina la aliyechora pindo na mji kwa kawaida halimo.

Hata tulipojenga viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kile cha hapa Morogoro tulichokiita Polytex ambacho sasa ni 21st Century, hatukuibadili desturi hiyo. Tulijivunia mashine. Wachoraji tuliwasahau.

Linganisheni na ndugu zao wa brashi na ubao. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na hata hivyo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Wanaoufuata mtindo huo hutia saini zao chini ya picha. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alianza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kisha akawa msanii hapo hapo, na miongoni mwa kazi alizofanya ni batiki. Leo kazi zake hutafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo. Je, kwa nini mkono ule ule ukichora juu ya ubao tuuite mkono wa msanii, na ukichora juu ya kitambaa tuuite mkono wa mchuuzi?

Swali hili si la heshima peke yake. Ni la mkate. Mwaka jana mama huyu jirani yangu alimwuzia mteja kipande chenye mchoro wa kobe na mawimbi aliouhangaikia muda mrefu. Miezi kadhaa baadaye akaukuta mchoro ule ule dukani, umechapwa kwa mashine, unauzwa kwa robo ya bei yake. Wateja wake wakaanza kumwambia yeye kwamba ameiga! Duka ni la nani na kitambaa kilichapwa wapi, sisemi. Ninachouliza ni hiki: angeshtaki kwa ushahidi gani? Hakuweka saini. Hakupiga picha wala kuandika tarehe.

Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, humlinda mtunzi, na sanaa za mikono zimo ndani yake. Haki huanza pale kazi inapofanywa. Kujiandikisha COSOTA ni kujiwekea ushahidi. Lakini sheria ni kama nta, haizuii kitu ikikaa ndani ya kopo.

Wapo watakaosema adui wa fundi ni mitumba. Ni kweli inambana. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Mwaka 2018 Rwanda iliposhikilia msimamo, Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru, na wengine tukalegeza kamba. Pamba yetu ya Shinyanga na Simiyu nayo, sehemu kubwa, huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Hayo ni mambo makubwa, yana vikao vyake. Lakini kumpa mchoraji jina lake hakuhitaji kikao cha mataifa.

Basi tufanye nini? Fundi na atie saini yake kwa nta pembeni mwa kitambaa, isiyotoka hata kikifuliwa, na atunze picha na tarehe ya kila mchoro mpya. Avae glavu, na asimwage maji ya dawa mtaroni, kwani maji ya mitaro yetu huenda Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Mwenye duka na aandike kwenye kikaratasi cha bei nani aliyekichora. Wakubwa wa mji nao wafikirie: tangu Juni 2024 treni ya umeme inashusha abiria wa Dar es Salaam hapa Morogoro kila siku. Je, mgeni huyo anaonyeshwa wapi kazi ya mikono ya mji huu?

Na wewe mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza, "Nani amechora?" Ukiambiwa, "Ni mimi," mtazame usoni. Kisha patana bei ukijua unapatana na nani. Batiki nayo ina mafiga matatu: kitambaa, rangi na mchoraji. Mawili ya kwanza tunayalipia kila siku bila kunung'unika. La tatu tukiendelea kulichomoa, tusije tukashangaa chungu kikianguka.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.