Ukibadili Uzito, Rudi Kwenye Mizani



Nilipokuwa masomoni Marekani, mzee aliyenipangisha chumba alikuwa na bunduki ya kuwindia kulungu, Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Browning. Risasi zake, za .30-30, alizijaza mwenyewe mezani. Vichwa vilikuwa vya aina mbili: cha greni 150, yaani karibu gramu 10, na cha greni 170, gramu 11. Chepesi hutoka kwa kasi zaidi. Kizito aghalabu huzama ndani zaidi. Kwa kulungu, vyote viwili hufaa. Vyote vilikuwa butu, kwa sababu risasi hupangwa mstari mmoja ndani ya mrija chini ya mtutu, na ncha kali ingeweza kulipua fataki ya risasi iliyo mbele yake.

Siku moja nilitaka kuweka kichwa kizito juu ya baruti iliyopimwa kwa ajili ya chepesi. Mzee akanishika mkono. Kichwa kizito, alisema, huchelewa kusogea. Shinikizo hupanda, na bunduki yaweza kumpasukia mpigaji usoni. Akaimwaga baruti ile, akapima upya.

Vijana, kazini nimeukumbuka mkono ule mara nyingi. Mkibadili uzito, rudini kwenye mizani.